Ngoma, Mwaka na Tamasha: Istilahi za Sherehe kutoka Pwani hadi Nyanda za Juu za Kigoma

Tafiti za fasihi simulizi zinazoandikwa kwa Kiswahili huelekea kuliita tamasha karibu kila kusanyiko la kiutamaduni linalojirudia kila mwaka. Neno hilo, lililopitia Kiajemi, limebeba fahiwa ya kutazama: palipo na tamasha pana jukwaa na hadhira. Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, ni tamasha kwa maana hiyo hasa, kwani waandaaji ndio wapangao tarehe na watazamaji hununua tiketi. Mwaka Kogwa wa Makunduchi ni jambo jingine. Wenyeji huuita mwaka, na siku yake hufuata Nairuzi, kalenda ya siku 365 isiyo na mwaka mrefu, hivyo husogea nyuma taratibu katika kalenda ya kawaida. Siku hizi huangukia Julai. Wanaume hupigana kwa makuti ya migomba na kibanda huchomwa moto, watalii wawepo au wasiwepo.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi katika nyanda za juu za Kigoma, Kasulu na Kibondo. Kiha, lugha ya wenyeji, ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Katika lugha hizo mbili za jirani, ingoma ni ala na pia ni ufalme au enzi ya mfalme. Nchini Burundi, muganuro, sherehe ambayo mwami alifungua kwayo upandaji wa mtama, uliunganisha maana zote mbili mbele ya ngoma Karyenda. Mara ya mwisho uliadhimishwa kifalme mwaka 1929. Umuganuro wa Rwanda nao ulikomeshwa zama za ukoloni, lakini umerudi ukiwa sikukuu ya kitaifa, Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Upande wa Tanzania, tawala za Heru na Muhambwe zilipoteza nafasi yake kisheria machifu walipofutwa mwaka 1963. Leo jina la Muhambwe husikika zaidi likiwa la jimbo la uchaguzi. (Hata pwani maana ya utawala haikuwa ngeni: ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu wa Dunga zilikuwa alama za enzi yake.)

Tangu mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi wameishi Nyarugusu, wilayani Kasulu, na Nduta, wilayani Kibondo. Ngoma zao hupigwa, pamoja na nyakati nyingine, katika Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni. Tarehe hiyo haitokani na mtama. Ni siku ambayo Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulianza kutumika mwaka 1974, nayo huangukia kiangazi, mbali na msimu wa kupanda. Ngoma iliyokuwa na mwaka wake na mwami wake sasa hupigwa kwa tarehe ya kuazima, mbele ya wageni walioketi chini ya turubai.

Je, hilo ni tamasha? Kwa mgeni aliyealikwa, ndiyo. Kwa mpigaji anayemfundisha kijana aliyezaliwa kambini mpangilio wa mapigo, jibu si jepesi hivyo. Kwake lililo kubwa huenda ni kuendeleza ingoma, wala si kuonyesha. Mtafiti anayeandika tamasha katika daftari lake la uwandani, kabla ya kuuliza lolote, ameshakaa upande wa mgeni. Neno ngoma lingekuwa salama zaidi, kwa kuwa Kiswahili hulitumia kwa ala, kwa mchezo na kwa shughuli yenyewe, ingawa nalo limepungukiwa na ile maana ya ufalme. Lililo bora ni kunukuu jina litumiwalo na watendaji wenyewe, kisha kuandika kando yake ni nani aliyepanga siku, na kama shughuli ingefanyika pasipo mtazamaji hata mmoja.