WAJUZI WA PORI WAANDIKWE KATIKA DAFTARI LA DUNIA

Siku hizi mtu yeyote mwenye simu yenye kamera aweza kupiga picha ya ndege, mmea au mdudu, akaipeleka katika intaneti, na watu wa nchi za mbali wakamsaidia kukitambua kiumbe hicho kwa jina lake la kitaalamu. Mmoja wa mitandao ya namna hiyo, iNaturalist, ulianzishwa California, Marekani, mwaka 2008, na taarifa zake zilizothibitishwa hutumiwa na wanasayansi wa dunia nzima. Kazi hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono. Lakini yatupasa kuuliza: ni nani anayeandika katika daftari hilo, na ni nani anayeachwa nje?

Wasomaji wetu wa visiwani watatuwia radhi tukiwavusha bahari hadi mkoa wa Manyara, katika wilaya za Mbulu na Hanang. Ni sehemu chache sana za Afrika zilizojaliwa kama hiyo. Wairaqw husema lugha ya jamii ya Kikushi. Wabarbaig, walio tawi la Wadatoga, husema ya Kiniloti. Majirani zao Wanyiramba na Wanyaturu husema za Kibantu. Na Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wanayo lugha ambayo wataalamu hawajaweza kuiunganisha kwa yakini na nyingine yoyote. Kila lugha ina majina yake ya miti, ndege na wadudu, na nyuma ya kila jina upo ujuzi wa vizazi vingi: kipi huliwa, kipi hutibu, kipi hutangulia mvua.

Chukua mfano wa kiongozi asali, yule ndege mdogo anayewaongoza watu hadi kwenye mzinga wa nyuki porini. Wahadzabe humwita kwa mluzi. Wayao wa kaskazini ya Msumbiji humwita kwa mlio mwingine kabisa. Mwezi Desemba 2023 watafiti walitangaza kwamba ndege wa nchi ya Wahadzabe huitikia mluzi wa wenyeji zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, na wale wa Msumbiji nao hufuata mwito wa kwao. Basi ndege mwenyewe amejifunza kuwasikiliza wenyeji wake. Mgeni akimpiga picha ndege huyo atakuwa ameandika rangi yake na mahali alipotua. Habari iliyo kubwa zaidi itakuwa imebaki midomoni mwa warina asali.

Wanaoachwa nje hawakuachwa kwa kukosa elimu ya pori. Wameachwa kwa sababu simu ni ghali, umeme uko mbali, masafa ya mawasiliano hayafiki kila bonde, na maelezo mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Mwanamke wa Kihadzabe anayechimba mizizi ya chakula ataitambua kwa majani na kwa sauti ya ardhi anapoigonga, lakini hana pa kuyaandika hayo. Mara nyingi mwenyeji ndiye anayemwonyesha mgeni kiumbe kilipo, kisha taarifa hutoka kwa jina la mgeni peke yake. Huo si uungwana, wala si sayansi kamili.

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya picha na majina tu. La hasha! Wilayani Hanang, mashamba makubwa ya ngano ya Shirika la NAFCO yaliyosaidiwa na Kanada yalichukua takriban ekari 100,000, zikiwamo nyanda bora za malisho ya Wabarbaig. Mfugaji alijua ni majira gani ng'ombe wahamie wapi ili majani yapumzike. Mpangaji aliona ardhi isiyotumika. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hawakuithibitisha haki yao. Kinyume chake, mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya hakimiliki ya kimila baada ya matumizi ya ardhi yao kupangwa na kuandikwa. Hatusemi kwamba picha ya ndege ni hati ya shamba. Tunasema kwamba mahali pasipoandikwa na wenyeji wake husomwa na wengine kuwa patupu.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wanaohusika wafanye mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wao. Afisa maliasili wa wilaya ahakikishe kwamba kijiji kina simu ya pamoja na kijana aliyefundishwa kuitumia. Sauti zirekodiwe pamoja na picha, kwani mitandao hiyo hupokea sauti. Majina ya Kiiraqw, Kidatoga na Kihadza yaandikwe sambamba na la Kiswahili na la kitaalamu. Aliyeonyesha atajwe pamoja na aliyepiga picha, akiridhia. Shule nazo ziwaalike wazee, wanaume kwa wanawake, wafundishe waliyo nayo.

Hapo hapo tunatoa tahadhari. Si kila kitu kinafaa kutangazwa. Mahali pa mzinga, pa dawa au pa mnyama adimu pakijulikana na walanguzi, hasara humrudia mwenyeji. iNaturalist yenyewe huficha mahali hasa pa viumbe vilivyo hatarini. Basi wenyeji nao wawe na sauti ya kuamua kipi kifichwe.

Sisi wa visiwani tunao ushahidi wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa kwamba popo wa Pemba angetoweka. Wanakijiji wa Kidike na wenzao walipojiunga kumlinda, idadi yake ilipanda hadi kupita 20,000. Mvuvi wetu anayejua mwamba kwa jina na mkulima wetu wa mwani anayeona bahari ikibadilika wana hali moja na mrina asali wa Yaeda. Wizara na idara za pande zote mbili za Muungano ziwape wote nafasi ya kuandika, kwani daftari la maumbile lisilo na mkono wa wenyeji ni daftari pungufu.