Bima ya Nyumba Inayojengwa Voi

Mwenye kiwanja mjini Voi anayesimamia ujenzi mwenyewe, akinunua saruji na mabati kidogo kidogo na kuwalipa mafundi na vibarua kwa siku, huwa pia mwajiri, hata kama yeye hajioni hivyo. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humtaka kila mwajiri nchini Kenya awakatie wafanyakazi wake bima, nayo huweka fidia ya kifo au ya ulemavu kamili wa kudumu kuwa sawa na mapato ya miezi 96, mzigo ambao familia nyingi haziwezi kuubeba bila kuuza kiwanja chenyewe. Jengo na vifaa vyake huhitaji bima ya hatari zote za ujenzi, yaani ile inayofidia hasara ya ghafla, kama vile moto au mafuriko, kabla nyumba haijakamilika. Kwa kuwa Voi imepakana na Mbuga ya Tsavo Mashariki, ni muhimu kuuliza, na kujibiwa kwa maandishi, iwapo ukuta uliobomolewa na ndovu umo katika mkataba wa bima, maana fidia ya serikali kwa uharibifu wa wanyamapori ni njia nyingine kabisa, nayo huhitaji subira.