Freni ya pikipiki: kukaza buloni siyo kutengeneza

Hapa Bukavu, mtu anayepanda pikipiki kutoka Kadutu kuteremka chini, maisha yake yako kwenye freni. Motari naye, asubuhi akiona pedali inashuka sana, anachukua kle, anakaza buloni ya nyuma, kazi inaendelea. Kesho yake anakaza tena. Lakini kukaza siyo kutengeneza.

Ndani ya gurudumu la nyuma la pikipiki nyingi muna tambure, chuma yenye umbo la sufuria ndogo. Ndani yake muna garnitire mbili, vipande vya nusu duara. Ukikanyaga pedali, vinapanuka na kushika tambure, na gurudumu linapunguza mwendo. Kila siku vinalika kidogo. Buloni inasogeza tu kile kilichobaki. Hairudishi kile kilichoisha.

Utajuaje kama zimeisha? Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono wa freni, na alama pembeni yake. Kanyaga pedali mpaka mwisho. Kama mshale umefika kwenye alama, usikaze tena: badilisha. Ukisikia chuma inasugua chuma, umeshachelewa. Tambure nayo inakwaruzika, na hapo utalipa mara mbili.

Makanika akifungua, abadilishe garnitire zote mbili pamoja, na resori kama zimelegea. Vumbi la ndani asilipulize kwa mdomo, ni baya kwa mapafu. Afute kwa kitambaa chenye maji kidogo. Mafuta ao grisi isiguse garnitire, maana freni itateleza. Akimaliza, pedali ibaki na nafasi ya sentimeta 2 ao 3 mbele ya freni kushika, na gurudumu lizunguke bila kukwama. Siku za kwanza uende polepole, sababu garnitire mpya bado hazijazoea tambure.

Kuna jambo lingine. Wengi wanazima mashini kwenye mteremko ili kuchunga esanse. Hapo freni inabeba kazi yote peke yake, inapata moto na nguvu yake inapungua. Acha mashini iwake, weka vitesi ya chini, nayo isaidie kuzuia.

Na wewe mupanda pikipiki, ukiona motari anakanyaga mara mbili, mara tatu, ndipo inasimama, mwambie akushushe. Kutembea kwa miguu siyo haya.