Saketi ya Kompyuta na Saketi ya Mezani

Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Laurence Nagel na mwalimu wake Donald Pederson walitoa SPICE, programu inayokokotoa mwenendo wa saketi kabla haijaundwa. Tuchukue rezista mbili za omu 1,000, zilizounganishwa kwa mfuatano na kupewa volti 10. Kompyuta huipa kila moja volti 5 kamili. Maabarani, mita huenda ikasoma 5.2, naye mwanafunzi mwoga huandika 5. Huko ni kuikana mita iliyo mbele ya macho yake! Rezista yenye mstari wa dhahabu huruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 5. Anayezipima kwanza, akapata omu 1,040 na 960, kisha akaipa kompyuta namba hizo, huiona nayo ikitoa 5.2.