Deni la kwanza ni shahidi: Namna ya kulikopa na kulilipa

Katika soko la Ishiara, eneo la Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu, mkopo si jambo geni. Mchuuzi wa ndengu huchukua magunia kwa mkulima kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza. Mwenye duka humwandikia jirani unga na sukari katika daftari. Mfugaji naye humwachia mchinjaji mbuzi kwa makubaliano ya mdomo. Anayelipa kwa wakati hujulikana, na anayekwepa hujulikana zaidi.

Tatizo ni kwamba daftari la dukani halisomwi nje ya soko. Siku mchuuzi aliyelipa madeni yake miaka kumi bila doa atakapoingia katika benki kuomba Sh200,000 za kupanua biashara, afisa wa mikopo hatamwita mwenye duka atoe ushahidi. Atatazama kumbukumbu zilizo kwenye kompyuta. Huenda akakuta ukurasa mtupu. Huenda pia akakuta jambo baya zaidi, yaani deni la Sh1,500 lililokopwa kwa simu na kusahauliwa.

Ndiyo maana deni la kwanza, hata liwe dogo namna gani, lina uzito kuliko kiasi chake. Ndilo shahidi wa kwanza atakayesimama kumtetea mkopaji au kumshtaki.

Si jela, ni kumbukumbu

Nchini Kenya kumbukumbu hizo huwekwa na mashirika ya marejeleo ya mikopo, ambayo wengi wamezoea kuyaita CRB. Miongoni mwa yaliyopewa leseni na Benki Kuu ni Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kanuni za kwanza za kuyaongoza zilitolewa mwaka 2008, na mwanzoni benki zililazimika kupeleka huko majina ya walioshindwa kulipa tu. Hapo ndipo wananchi walipoanza kusema kwamba fulani "ameingizwa CRB", kana kwamba ametiwa korokoroni.

Kanuni za mwaka 2013 zilibadilisha hali hiyo. Tangu wakati huo, taarifa za wanaolipa vyema hupelekwa pia. Kwa hiyo, kila aliyewahi kukopa katika benki ana ukurasa wake huko, na kuwa na ukurasa si kosa. Swali ni yaliyoandikwa humo: alikopa kiasi gani, alilipa lini, na alichelewa siku ngapi. Kutokana na taarifa hizo mkopaji hupewa alama. Kwa mfano, alama za Metropol huanzia 200 hadi 900, na kadiri zinavyopanda ndivyo mkopeshaji anavyopungukiwa na hofu.

Utaratibu huu haukuzaliwa Kenya. Nchini Marekani alama za FICO, zinazoanzia 300 hadi 850, zilianza kutumika mwaka 1989. Katika hesabu zake, historia ya kulipa hubeba asilimia 35 ya uzito wote na kiasi cha deni lililopo asilimia 30. Kwa maneno mengine, hakuna linalozidi kulipa kwa wakati, na linalofuata ni kutojitwika deni hadi pomoni.

Kadi na simu

Katika nchi za Magharibi kijana huanza kujenga historia yake kwa kadi ya mkopo. Kadi hii hufanana kwa sura na ile ya kutolea pesa kwenye mtambo wa ATM, lakini ni tofauti kabisa. Kwa kadi ya ATM mtu hutumia fedha zake mwenyewe. Kwa kadi ya mkopo hutumia fedha za benki hadi kikomo alichowekewa, kisha hutumiwa hesabu kila mwezi pamoja na tarehe ya mwisho ya kulipa.

Anayelipa deni lote la ununuzi kabla ya tarehe hiyo kwa kawaida hatozwi riba. Mtego umo katika kile kinachoitwa malipo ya chini kabisa. Tuseme mtu anadaiwa Sh20,000, riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na benki inamruhusu kulipa Sh2,000 tu. Katika fedha hizo, Sh700 zinamezwa na riba, na ni Sh1,300 pekee zinazopunguza deni. Mwenye kadi hudhani amelipa, kumbe amepapasa tu. Aidha, kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo huwa ghali zaidi, kwa kuwa riba kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ileile na ada huongezwa juu yake.

Katika Ishiara, mwalimu au muuguzi mwenye hati ya mshahara anaweza kuomba kadi kama hiyo. Baadhi ya benki pia hukubali akiba iliyofungwa iwe dhamana. Lakini kwa mchuuzi na mkulima, kadi ya kwanza ya mkopo ni simu iliyo mfukoni.

Mlango huo ulifunguliwa Novemba 2012, huduma ya M-Shwari ilipozinduliwa na Safaricom pamoja na benki ya CBA. KCB M-Pesa ilifuata mwaka 2015. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo kwa namna yake ndiyo inayokaribiana zaidi na kadi ya mkopo: mtu hupewa kikomo, hukitumia pesa zinapompungukia, na fedha yoyote inayoingia katika akaunti yake hukatwa kwanza ili kulipa deni. Novemba 30, 2022, serikali nayo ilizindua Hazina ya Hustler, yenye mikopo ya kati ya Sh500 na Sh50,000.

Bei ya mikopo hii haifanani. M-Shwari ilipoanza, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, yaani Sh75 kwa kila Sh1,000. Hazina ya Hustler ilianza kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo kwa Sh1,000 za siku 14 ni takriban Sh3. Asiyeuliza kama asilimia anayotajiwa ni ya siku, ya mwezi au ya mwaka hawezi kujua anachonunua.

Kalenda mbili

Kwa mkulima wa Mbeere, hata hivyo, hatari kubwa haimo katika riba peke yake. Imo katika tarehe.

Ndengu hupandwa mvua za Oktoba zinapokaribia, na huchukua kati ya miezi miwili na mitatu kabla ya kuvunwa. Mkopo wa simu hudaiwa baada ya siku 14 au 30. Anayekopa Oktoba kununua mbegu kwa matumaini ya kulipa kwa mavuno atadaiwa Novemba, wakati ndengu ndiyo kwanza inatoa maua. Huo ndio wakati wengi hukopa kwingine kulipa deni la kwanza, kisha kwa tatu kulipa la pili. Na mavuno yanapofika, mdaiwa hana nafasi ya kungoja bei nzuri. Huuza mara moja, katika wiki ambazo kila mtu anauza na bei imeshuka.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: mkopo wa siku 30 ulipwe na biashara inayozunguka ndani ya siku 30. Anayenunua mboga au maembe siku moja ya soko na kuyauza nyingine anaweza kukopa Sh1,000, kuzizungusha na kuzirudisha kwa wakati. Anayetegemea mvua na ajielekeze kwa mkopo wa msimu, hasa kupitia chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ambako kiwango cha mkopo hutegemea akiba yake na muda wa kulipa hujadiliwa. Asisahau tu kwamba huko akishindwa, mzigo huwaangukia waliomdhamini, ambao aghalabu ni jamaa na majirani zake.

Kanuni ya pili: mkopo wa kwanza uwe mdogo kiasi kwamba ungeweza kulipwa hata biashara ikiharibika. Lengo lake si kupata fedha nyingi, bali kuandika mstari wa kwanza ulio safi.

Kanuni ya tatu: kikomo si mshahara. Aliyeruhusiwa kukopa Sh10,000 hakulazimishwa kuzimaliza. Nchini Marekani washauri wa fedha huhimiza wenye kadi watumie chini ya asilimia 30 ya kikomo chao, na ushauri huo haupungui maana ukivuka bahari.

Kanuni ya nne: mkopaji awe na mkopeshaji mmoja kwa wakati mmoja. Kama ni programu ya simu, ahakikishe imepewa leseni na Benki Kuu. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zilizotolewa mwaka 2022 haziwaruhusu kumtisha mdaiwa wala kuwapigia simu watu walio katika orodha yake ili kumwaibisha.

Haki za mkopaji

Sheria haikumwacha mkopaji mikono mitupu. Benki inapaswa kumpa notisi ya mwezi mmoja kabla ya kupeleka taarifa mbaya kumhusu. Kila mwaka ana haki ya kupata bila malipo nakala moja ya ripoti yake. Kwa Metropol, huanza kwa kubonyeza *433# kwenye simu. Akikuta kosa, mathalani deni alilokwisha kulipa au asilolijua, ana haki ya kulipinga na shirika hulazimika kuchunguza. Kutokana na hatua zilizotangazwa Aprili 2020, deni lisilofika Sh1,000 halimfanyi mtu aorodheshwe kuwa mdaiwa sugu.

Lakini haki haifuti historia. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 huhesabiwa kuwa umeshindikana, na hata ukilipwa baadaye, alama ya kuchelewa inaweza kubaki katika kumbukumbu kwa miaka mitano. Ripoti itasema amelipa, ila itasema pia kwamba alichelewa.

Ukubwa wa tatizo hili ulionekana Novemba 2022. Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwasaidia wenye mikopo ya simu iliyoshindikana katika benki, kwa kuwapunguzia angalau nusu ya deni iwapo wangelipa lililobaki kufikia mwisho wa Mei 2023. Mpango huo uliwalenga zaidi ya wakopaji milioni 4.2, na mikopo yao yote ilikuwa takriban Sh30 bilioni. Ukigawanya, wastani ni karibu Sh7,000 kwa kila mtu. Kwa kiasi kisichozidi sana bei ya mbuzi mmoja, mamilioni ya Wakenya walikuwa wamejifungia mlango wa mikopo mikubwa zaidi.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo ilikuwa onyo kwa anayekopa bila kufikiri siku ya kulipa. Kwa mchuuzi wa Ishiara anayetazama ujumbe wa simu ukimwambia anaweza kukopa Sh2,000 sasa hivi, swali la busara si kama fedha hizo anazihitaji, kwa kuwa nani asiyehitaji fedha? Swali ni fedha za kulipa zitatoka wapi, na siku gani. Akiwa na jibu la yote mawili kabla ya kubonyeza, atakuwa ameanza kuandika daftari litakalosomwa hata asikofahamika.