Siri ya kuhesabu hadi kumi

Katika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, kuna silinda inayozunguka ambayo wageni wengi huiacha haraka wakimbilie ngoma. Ni haraka isiyo na faida. Silinda hiyo imebeba namba moja hadi kumi, halafu moja hadi kumi tena, na tena, kila mara kwa maneno mengine kabisa. Zote ni hesabu za Kisukuma. Zamani kila rika lilikuwa na namna yake ya kuhesabu, na aliyeingia rika fulani alifundishwa namba zake kama anavyofundishwa siri. Wa rika jingine hakuambiwa. Kwa hiyo mzee na kijana wangeweza kusimama kwenye lango moja la zizi, wakahesabu ng'ombe walewale, na mmoja asielewe mwenzake amefika wangapi.

Yeyote aliyewahi kukaa sokoni huku wachuuzi wawili wakitajiana bei mbele yake kwa lugha asiyoijua anaifahamu hali hiyo. Sasa namba zote za marika ziko hadharani, zimeandikwa kwenye silinda. Kilichofungwa kwa makusudi kimefunguliwa kwa kila anayelipa kiingilio. Je, wenye namba hizo wangekubali?

Aliyeasisi makumbusho hayo, Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, hakupenda vitu vya kutazamwa tu. Banda la ngoma za watemi lina umbo la kigoda cha mtemi, na ngoma zilizomo bado hupigwa sikukuu za kanisa zinapofika au kiongozi wa serikali anapotembelea. Makumbusho mengi duniani yangezifungia kwenye kioo na kuandika "Usiguse".

Kwa nini kugusa kuwe na maana? Anayelijibu swali hili vizuri zaidi yuko mbali na Usukuma. Evelyn Glennie, mpiga ngoma aliyezaliwa Scotland mwaka 1965, alianza kupoteza usikivu akiwa mtoto, na kufikia umri wa miaka 12 alikuwa kiziwi kwa kiwango kikubwa. Mwalimu wake alimtaka aweke viganja ukutani wakati ngoma kubwa zikipigwa. Akagundua kwamba sauti nzito zinamfikia miguuni, na nyembamba usoni na shingoni. Tangu hapo hupiga mara nyingi akiwa peku. Hoja yake, ambayo ameirudia kwa miaka mingi, ni kwamba kusikia ni aina ya kugusa: hewa inayotikisika humgusa kila mtu, ila wenye masikio mazima wameacha kuusikiliza mwili wao. Humkera watu wanapouliza kwanza kuhusu uziwi wake na muziki baadaye. Mwaka 2012 aliongoza wapiga ngoma 1,000 katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya London.

Mtu wa Ushetu, mkoani Shinyanga, aliyewahi kusimama karibu na bugobogobo hahitaji kusafirishwa hadi London ili aelewe. Ngoma ile ya majembe humpiga mtu kifuani kabla hajajua ni wimbo gani. Katika Bulabo, tamasha la kila Juni pale Bujora, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni kile kilichovuta umati mkubwa zaidi. Watazamaji hupiga kura kwa miguu. Kuna wanaocheza na chatu. Kuna pia wigashe, ngoma ya Wasukuma inayochezwa watu wakiwa wameketi, nayo inastahili kutajwa na wanaozungumzia sanaa jumuishi.

Sheria ya kuwajumuisha watu wenye ulemavu katika utamaduni kama huu ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja makumbusho waziwazi. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mjini Shinyanga iko Shule ya Msingi Buhangija, inayosomesha watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Kutoka hapo hadi Bujora ni safari isiyozidi kutwa moja. Nauli ya darasa zima ailipe nani: halmashauri, migodi ya dhahabu, au wazazi? Na mtoto asiyeona akishafika mbele ya silinda ya namba, asomewe na mwenzake, au achongewe namba za kupapasa? Kiziwi naye, ataruhusiwa kuweka viganja kwenye ngozi ya ngoma ya mtemi wakati inapigwa, au ataambiwa asimame pembeni na wageni wengine?