Chula: kijiji chetu cha baharini

Mtoto wa Kibajuni aliyezaliwa kambini ukimuuliza kwao ni wapi, hujibu "Kismayo" kisha hunyamaza. Wazazi, hiyo haitoshi! Kule Uingereza, Wabajuni walioomba hifadhi wameulizwa majina ya visiwa na kupimwa lugha yao. Basi mwezi huu tuzungumze Chula.

Ukitoka Kismayo kwa mashua kuelekea kusini unapita Koyama, halafu Ngumi, halafu Chovai, ndipo ufike Chula. Ukiendelea kuna Burgabo na Ras Kamboni, na ukivuka mpaka ni Kiunga, kwa ndugu zetu wa Kenya. (Hata jina Kismayo wazee husema ni letu: kisima yuu.)

Chula ni kisiwa kidogo. Nyumba ni za mawe ya matumbawe na makuti, gari hakuna, kazi ni bahari. Watu wamekaa visiwa hivi zamani sana. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alipita pwani hii akaandika mwaka 1969 juu ya magofu ya misikiti na makaburi ya mawe.

Lakini sifa ya Wabajuni ni kasa. Wenzetu wengine hutega nyavu. Sisi tulimtuma samaki akamkamate! Huyo samaki ni chazo, ana kitu cha kunatia kichwani. Mvuvi humfunga kamba mkiani, humweka hai, na akimwona kasa humwachia. Chazo huenda mbio akamganda kasa gambani. Hapo mvuvi havuti kwa nguvu, maana chazo atabanduka; huvuta polepole, analegeza, anavuta tena, mpaka kasa achoke. Kijana asiye na subira hapati kitu. Mwitaliano Vinigo Grottanelli alitoa kitabu kizima juu ya wavuvi wa Kibajuni mwaka 1955.

Serikali zilibadilika juu ya vichwa vyetu: Sultani wa Zanzibar, Mwingereza, Mwitaliano tangu 1925, Somalia huru 1960. Vita vya 1991 ndivyo vilivyotutoa. Watu walipora mali na mashua, na waliobahatika kubaki na chombo walipakia watoto wakashika njia ya Lamu na Mombasa, wengi wakaingia kambi ya Jomvu. Kambi za pwani zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wengine walirudi visiwani, wengine wakaletwa huku bara, mbali na bahari.